Uhakiki wa Matumizi ya Picha za Kihistoria katika Tafiti za Prominensi za Jua: Mfano wa Hazina ya Kodaikanal

Prominensi ni mawingu ya gesi yenye ubaridi kuliko korona inayoyazunguka, yaliyoshikiliwa na uga wa sumaku juu ya uso wa Jua. Kwa kuwa vipimo vya moja kwa moja vya uga wa ncha za Jua vilianza katika miaka ya 1950, historia yake ya awali hutafutwa kwa ushahidi wa kando. Hapo ndipo ulipo uzito wa mabamba ya kioo ya Kodaikanal, kusini mwa India, yaliyopigwa kwa mwanga wa kalsiamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Hoja ya msingi ni thabiti. Prominensi hukaa juu ya mipaka inayotenganisha maeneo yenye sumaku kinyume. Zile za latitudo za juu zinapohamia nchani na kutoweka, karibu na kilele cha mzunguko wa takribani miaka 11, huashiria kugeuka kwa uga wa ncha.

Udhaifu hujitokeza katika kuhesabu. Prominensi tulivu inaweza kudumu kwa miezi, ilhali Jua, likitazamwa kutoka duniani, hujizungusha kwa takribani siku 27. Wingu lile lile hupita ukingo wa mashariki, kisha ule wa magharibi takribani wiki mbili baadaye. Karibu na ncha huweza kubaki ukingoni siku nyingi zaidi. Kwa hiyo, kinachojumlishwa na programu ni mionekano, si mawingu. Aidha, mvua za monsuni huacha mapengo, na ubora wa picha ulishuka katika miongo ya mwisho. Programu yenye kigezo kimoja cha mwangaza huweza kutafsiri kufifia kwa bamba kuwa kupungua kwa prominensi.

John na Mary Evershed, katika chapisho lao la 1917 kuhusu prominensi za Kodaikanal, walitegemea jicho la mtazamaji aliyeyajua mabamba yake. Njia hiyo haiwezi kumaliza karne nzima ya picha, lakini inafaa kuipima programu. Kwa msingi huo, nyakati za kuhamia nchani zinakubalika. Mwelekeo wa idadi kwa karne nzima haukubaliki kabla ya kulinganishwa na picha za Meudon, Ufaransa.