Raptor ao YFZ: mchanga ndio unaamua

Wandugu, kwa matuta ya mchanga ya Glamis, kule California, watu wanabishana juu ya moto mbili za magurudumu manne: Yamaha YFZ450R ao Raptor 700R? Wengi wanaangalia mbio tu. Mimi, mtu wa udongo, naanzia chini. Mchanga mukavu haushikani; ukilegeza kwenye mupando, unazama. Hapo motere ya Raptor, 686 cc, inavuta hata kama hailie sana. YFZ, 449 cc, inataka uilize kwa nguvu na kubadilisha vitesi kila mara. Tena ni pana zaidi, na haina marsha arieri! Katika kanjia ka pori, ukikosea kona, unashuka na kuikokota kwa mikono. Nachukua Raptor. Kwa mashindano ya kuruka peke yake, sawa, YFZ.