Kuichambua 993,183

Sensa ya mwaka 2019 iliikuta Kaunti ya Siaya na watu 993,183. Nambari hii haikupangwa na mtu. Ilikusanywa boma kwa boma kuanzia usiku wa Agosti 24, wakiwemo wavuvi na wauza omena wa Luanda Kotieno. Ukiwa hapo ufuoni unangoja feri ya Mbita, shika kalamu uichambue: tafuta nambari tasa zilizozidishwa zikaizaa. Huu ni ufundi mzuri sana, na utamu wake uko mkononi.

Jumlisha tarakimu zake, upate 33. Jumla ikigawanyika kwa 3, nambari nzima nayo hugawanyika. Tunabaki na 331,061, ambayo haikubali 3 tena. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Nambari hizo zikizidishwa hutoa 1,001, kwa hiyo yatosha kuikata yetu vipande viwili, 331 na 061, na kutoa kimoja katika kingine: 270. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoigawa 270 bila baki, basi 331,061 pia haigawiki. Umetoa mara moja tu, na maswali matatu yamejibiwa.

Kutoka hapo ni kazi ya subira. Kwa 17, baki 3. Kwa 19, baki 5. Kwa 23, baki 22. Kikomo kinajulikana: kipeuo cha pili cha 331,061 ni 575 na ushei, na chini yake mna nambari tasa 105. Ukizimaliza zote bila kupata kitu, umethibitisha kwamba 331,061 yenyewe ni tasa. Ndiyo maana hakuna jaribio linalopotea bure. Unashuka 29, 31, 37, baki juu ya baki, hadi 97, tasa ya mwisho chini ya 100. Inaingia mara 3,413 kamili.

Na 3,413, tasa pia, itazame vizuri: ni 1 + 4 + 27 + 256 + 3,125. Moja kwa kipeo cha kwanza, mbili kwa cha pili, tatu kwa cha tatu, nne kwa cha nne, tano kwa cha tano! Kikokotoo kingekutupia jibu kabla hujapata nafasi ya kuliona hilo.

Sensa ilimhesabu mtu pale alipolala. Ng'ambo, Kaunti ya Homa Bay, iliko Mbita, ilipata 1,131,950, isiyogawanyika kwa 3. Tuseme jioni ile mtu mmoja zaidi angevuka kutoka Luanda Kotieno akalala Mbita. Siaya ingebaki na 993,182, na vigawo vyote tulivyovipata vingetoweka, kwa kuwa nambari mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila 1. Homa Bay ingekuwa na 1,131,951. Jumlisha tarakimu: 21. Ile 3 ingevuka ziwa pamoja naye.