Dirisha la Kibiti Huanzia kwenye Kamba ya Msingi

Ukipita barabara ya Kilwa kutoka Bungu kupitia Kibiti hadi Ikwiriri utaona nyumba mpya nyingi zina dirisha la aina moja: fremu ya aluminiamu, vioo viwili vya kusukuma, wavu na nondo. Ni hilohilo mashariki, magharibi, kusini na kaskazini, kwa kipimo kilekile. Joto likimzidi mwenye nyumba, anashauriwa anunue kioo bora zaidi: kinene, cha rangi, au vile vioo pacha vyenye hewa katikati, ambavyo ndugu walioko Ulaya huvisifu kwa kuwapunguzia gharama za kupasha nyumba moto. Ushauri huo unastahili kupigiwa hesabu, maana fedha ya madirisha ni nyingi na wengi wetu hujenga mara moja tu maishani.

Vioo pacha vilibuniwa ili joto lisitoroke nje. Chukua dirisha la mita 1.5 kwa 1.2, yaani mita za mraba 1.8. Usiku wa baridi kali mjini Oslo, ndani nyuzi 20 na nje hasi 10, kioo kimoja hupoteza wati zipatazo 310, na vioo pacha 150. Wati 160 zinaokolewa usiku na mchana kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo bei ya dirisha inaporudi. Sasa lihamishie dirisha hilo Kibiti, mwezi Februari. Nje nyuzi 32, ndani 30. Kioo kimoja kitapitisha wati 20, vioo pacha 10. Umeokoa wati 10, kiasi kinachotumiwa na balbu moja ya LED. Hata ukifunga kiyoyozi na kushusha chumba hadi nyuzi 25, akiba haifiki wati 40.

Joto linalowatesa watu wa Kibiti huingia kwa mlango mwingine: miale ya jua. Saa kumi na nusu alasiri, anga likiwa jeupe, ukuta unaotazama magharibi hupokea kama wati 500 hadi 600 kwa kila mita ya mraba. Kioo cha kawaida huruhusu zaidi ya robo tatu yake kupita, kwa hiyo dirisha letu la mita 1.8 linaingiza chumbani karibu wati 800. Iguse fremu ya aluminiamu saa hiyo uone kama mkono utatulia. Miale ikishapita inatua sakafuni, kwenye godoro na kwenye kochi. Vitu hivyo vikishapata moto hutoa joto la namna ambayo kioo hakiiachii kutoka. Kioo cha rangi hunyonya sehemu ya miale, kikachemka chenyewe, kisha kikaitoa sehemu ya joto hilo kwa ndani. Pazia nalo linachelewa, kwa kuwa jua limeshaingia. Viko vioo vyenye utando unaorudisha miale, navyo vinafaa sana ghorofa la Dar es Salaam lililofungwa pande zote na kupozwa kwa mashine. Nyumba ya vyumba vitatu ya Kibiti ina dawa ya bei nafuu kuliko hiyo.

Dawa yenyewe ni upande dirisha linakotazama. Kibiti iko karibu digrii 7.7 kusini mwa ikweta. Desemba 21, adhuhuri, jua limeegemea kusini digrii 16 tu kutoka utosini. Juni 21 limeegemea kaskazini digrii 31. Piga hesabu ya kivuli na utaona kwamba paa lililochomoza sentimita 75, likianzia usawa wa linta, linakinga adhuhuri dirisha zima la kimo cha mita 1.2 upande wa kaskazini mwezi Juni. Upande wa kusini mwezi Desemba zinatosha sentimita 35. Magharibi ni habari nyingine kabisa. Saa kumi na nusu jua liko kimo cha digrii 30 hivi, na ili kulikinga dirisha hilohilo unahitaji paa lililochomoza zaidi ya mita mbili. Huo si mchomozo tena, ni baraza zima.

Sasa weka pepo juu ya hesabu hiyo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba. Kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, miezi ambayo joto ndilo kali zaidi. Kuta mbili zilizo rahisi kutiwa kivuli ndizo hasa zinazopigwa na pepo. Si kila mahali duniani panapojaliwa hivyo, na mjenzi wa Kibiti anayeipuuza bahati hiyo anajinyima kitu cha bure. Nyumba ingetakiwa ilale kwa urefu mashariki hadi magharibi, vyumba vya kulala na sebule vifunguke kusini na kaskazini, na choo, stoo au jiko vikae magharibi vipigwe jua kwa niaba ya wengine.

Kinachoharibu mpango ni barabara. Barabara ya Kilwa inashuka kuelekea kusini, viwanja vimepimwa kuifuata, na kila mtu anataka uso wa nyumba utazame barabarani. Matokeo yake madirisha makubwa ya sebuleni yanatazama mashariki au magharibi, na kuta za kusini na kaskazini zinaachiwa vidirisha vya choo. Fundi akishafunga kamba ya msingi, sehemu kubwa ya gharama ya kupoza nyumba hiyo imeshaamuliwa, na hakuna kioo dukani kitakachoifuta.

Halafu kuna ule uwazi wenyewe. Dirisha la kusukuma lina reli mbili na vioo viwili. Ukilifungua lote, kioo kimoja kinasimama nyuma ya mwenzake, nusu ya tundu imebaki imezibwa. Umelipia mita za mraba 1.8 na upepo umepewa 0.9. Toa tena nafasi ya nyuzi za wavu. Dirisha la luva, lile la vioo vyembamba vya kupangwa, au shata mbili za mbao zinazofunguka nje, huacha karibu tundu zima wazi. Shata zenye mabapa ya mshazari, kama zinavyoonekana katika nyumba za zamani za miji ya pwani, hufanya kazi mbili kwa pamoja: jua linabaki nje, upepo unapita. Nashangaa kwa nini tumeziacha, na mafundi seremala tunao. Upepo pia hauingii pasipo pa kutokea, kwa hiyo chumba chenye dirisha moja, hata likiwa kubwa, kinapumua kwa shida. Matofali ya matundu juu ya mlango wa ukuta wa pili yanasaidia sana.

Kikwazo kikuu cha dirisha wazi ni mbu. Mtu hulifunga saa kumi na mbili jioni, halafu ukuta wa tofali uliokula jua mchana kutwa unaanza kutoa joto lake chumbani usiku. Jaribio lililofanywa Magoda, wilaya ya Muheza mkoani Tanga, lilishughulikia fundo hilo. Kundi la msanifu majengo Jakob Knudsen na daktari mtafiti Lorenz von Seidlein lilijenga nyumba 6 za mfano, zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, wavu kwenye matundu, na baadhi yake zikiwa na vyumba vya kulala ghorofani. Matokeo yalitoka mwaka 2017 katika jarida la The Lancet Planetary Health: nyumba hizo zilikuwa na joto pungufu kwa nyuzi 2.3 zikilinganishwa na za kienyeji, na zile za ghorofa zilipunguza mbu kwa asilimia 96. Mbu wengi huruka chini chini, na upepo una nguvu zaidi juu. Kimo kinamnufaisha mlalaji mara mbili. Baadaye wazo hilo lilipelekwa Mtwara, zikajengwa nyumba 110.

Kwa watu wa bonde la Mto Rufiji, kulala juu si jambo geni. Dungu la shamba la mpunga husimama juu ya nguzo, sakafu ya miti inapitisha hewa kutoka chini, na familia hukaa humo kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe huku maji yakipita chini yao. Watu walipohamishiwa vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960, nyumba zilikaa chini, na ufundi ule ukabaki mashambani. Ningependa mafundi wa Kibiti wauangalie upya, hasa baada ya mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024.

Upande wa umeme hesabu ni fupi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kila usiku hula uniti 18 kwa mwezi. Kiyoyozi cha BTU 12,000, hata kikipumzika mara kwa mara, kinaweza kula uniti 5 kwa usiku, yaani 150 kwa mwezi. Bei nafuu ya TANESCO ya kundi la D1 ni ya wasiozidi uniti 75. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, liko kwenye Mto Rufiji huuhuu, lakini luku ya nyumbani haijui umbali wa bwawa.

Aliyekwisha kujenga na dirisha lake linatazama magharibi aanze nje: baraza la makuti lenye kina cha mita mbili na zaidi, au shata za mabapa mbele ya kioo. Aliye deltani, Salale au Mbuchi, aepuke wavu wa chuma, maana chumvi huula mapema. Wavu wa nyuzi za plastiki hudumu. Nao ufungwe kwenye fremu inayochomoka, kwa sababu wavu uliojaa vumbi huuzuia upepo, na uliopigiliwa misumari hakuna atakayeuosha.