Nusu Isiyoguswa

Kitengela tunaishi kwa maji ya kununua. Asubuhi boza linapiga honi langoni, jioni punda anapita na mkokoteni wa mitungi. Kwa hiyo mtambo wa kuchimba kisima ukiingia mtaani, watu huukimbilia kama ngoma. Uliposimama kwenye ploti ya jirani yangu nami nilikwenda kutazama, ila jicho langu liliangukia pengine. Kijana mmoja alikuwa akikinga kwa sepetu vumbi na vikokoto vinavyorushwa na upepo wa kompresa, na kila baada ya mita mbili akivimwaga chini kwa safu. Vilima vidogo vidogo, kila kimoja kama kibaba cha unga: cheusi, cha kijivu, chekundu cha tofali, kisha cha kijivu tena. Mwanajiolojia akapita, akaandika, akaondoka. Maji yalipotoka, vigelegele. Kufikia magharibi watoto walikuwa wamekwisha kuvipiga mateke vile vilima, na mvua ya usiku ikamalizia. Nilikuwa nimemwuliza yule kijana kama hawaweki hata kidogo. "Mzee, huo ni uchafu tu," aliniambia, kwa upole kabisa.

Mwaka 2012, katika kaunti hii hii ya Kajiado, uchafu wa namna hiyo ulitolewa ardhini ukatunzwa. Mahali ni bonde la Koora, kwa jamii ya Oldonyo Nyokie, kama kilomita 25 kutoka Olorgesailie. Rick Potts, mtafiti wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, akiungwa mkono na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alikodi kampuni ya uchimbaji ya Nairobi, naye hakuwa akitafuta maji. Alikuwa na pengo la kujaza. Olorgesailie, ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimba katika miaka ya 1940 na ambako shoka za mawe bado zimelala pale pale zilipokutwa, tabaka za udongo husimulia vizuri mpaka kama miaka 500,000 iliyopita. Hapo hunyamaza. Mmomonyoko ulikula tabaka za miaka 180,000. Masimulizi yanaporudi, miaka 320,000 iliyopita, shoka kubwa zimetoweka na watu wana zana ndogo, nyingine za jiwe jeusi la volkano lililotoka mbali. Kitabu kimechanwa kurasa pale pale kisa kinapogeuka.

Kilichotoka Koora ni mche wa udongo wa mita 139, unene wake sentimita nne, hauushindi mche wa sabuni. Ndani yake mna miaka milioni moja. Ulipelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kwenye hifadhi ya miche ya udongo wa maziwa, na hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu.

Mche ukiwa bado mzima hupitishwa kwenye mashine zinazopima msongamano na usumaku wake. Kisha hupasuliwa kwa urefu, kama mtu anavyopasua muwa. Uso uliopasuliwa hukwanguliwa ili usomeke, na hapa ndipo mkono wa fundi unapojulikana: kisu huenda kwa upana, kutoka ukingo hadi ukingo, hakiburutwi kutoka juu kwenda chini. Ukikiburuta utakuwa umepaka karne moja juu ya nyingine. Hupigwa picha, rangi yake ikalinganishwa na kitabu cha rangi za udongo. Halafu lebo: mradi, mwaka, shimo, kipande cha ngapi, na upande upi ni wa juu. Mtu akisahau hilo la mwisho, miaka elfu kadhaa imepinduka kichwa chini, na profesa atakuja kuisoma hivyo hivyo kwa heshima zote.

Nusu mbili hutenganishwa. Moja ni nusu ya kazi, inayochotwa na kupelekwa kwenye maabara. Ya pili ni nusu ya akiba. Hiyo hufungwa, huwekwa kwenye chumba cha baridi, na haichokolewi.

Nusu ya kazi imekwisha kusema mengi. Majivu ya volkano yaliupa mche tarehe, magamba ya miani midogo mno yakaeleza habari za maji, na chembe za mimea zikaeleza nyasi na miti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kuanzia kama miaka 400,000 iliyopita ardhi ilikatika vipande vipande, maji yakawa ya kubahatisha, nyasi na miti zikawa zinapokezana, na wanyama wakubwa wa malisho wakawapisha wadogo. (Maji ya kubahatisha Kajiado! Sisi wa Kitengela hatukuhitaji mtambo kulijua hilo.)

Mimi moyo wangu uko kwenye ile nusu nyingine. Anayeifunga anakubali kwamba swali zito kuliko yote pengine bado halijaulizwa, na kwamba atakayeliuliza hajazaliwa.

Katika tiba jambo hili tumeliona hapa hapa Afrika Mashariki. Daktari Albert Cook alifika Mengo, Kampala, mwaka 1897, akaanza kuandika habari za wagonjwa wake, mmoja mmoja, kwa mkono. Yeye aliandikia wodi yake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa huko huko Kampala, alichapisha makala juu ya uvimbe unaoota kwenye mataya ya watoto. Ni ugonjwa mpya, au ulikuwepo siku zote? Wenzake wa Makerere wakayafungua madaftari ya Cook ya hospitali ya Mengo, na mwaka 1964 wakachapisha hesabu ya saratani za hospitali hiyo tangu 1897 hadi 1956. Watoto wenye mataya yaliyovimba walikuwa humo, wameandikwa miongo mingi kabla Burkitt hajawataja. Madaftari hayo yanatunzwa Makerere, katika maktaba ya tiba yenye jina la Cook. Karatasi, wino, na watu waliokataa kutupa, basi.

Lipo linaloniuma. Mzee wa Oldonyo Nyokie akitaka kuiona ardhi yake ilivyokuwa miaka laki nane iliyopita, aombe viza. Siwalaumu waliouchukua ule mche. Afadhali Minnesota kuliko mvua. Lakini ufundi huu hauanzi na chumba cha baridi, unaanza na mtu kuandika upande wa juu ni upi, na kalamu zinauzwa hata kwenye kioski cha hapa kwetu.

Juzi nilimwomba jirani anionyeshe ripoti ya kisima chake. Aliitoa kwenye bahasha ya kaki, chini ya hatimiliki. Safu ya mita upande wa kushoto, rangi na aina ya mwamba upande wa kulia, kila mita mbili, mpaka chini. Nilizitambua rangi za vile vilima. Udongo wenyewe haupo.

Wewe unayengojea zamu yako ya mtambo, mwambie kijana wa sepetu akutilie konzi moja ya kila kilima, kila konzi katika mfuko wa peke yake. Andika ni mita ya ngapi, tarehe gani, ploti ipi, kwa kalamu isiyofutika. Kisha weka mahali pakavu, na watoto uwaambie si wa kuchezea.