Kanda ya Jumapili Mchana

Mwaka 1968 Danny Scher alikuwa na miaka 16, mwanafunzi wa sekondari ya Palo Alto huko California, na tiketi zake zilikuwa hazinunuliwi. Alikuwa amemwalika Thelonious Monk, mpiga piano ambaye wakati huo alikuwa akipiga kwenye klabu moja ya San Francisco, aje na kundi lake kwenye ukumbi wa shule Jumapili mchana, kiingilio dola mbili. Palo Alto ulikuwa mji wa Wazungu wenye nafasi zao, na wengi hawakushtuka. Basi kijana akabeba mabango yake, akavuka barabara kuu hadi East Palo Alto, kwa watu weusi.

Huko alikuta kuta zina wageni wengine. Mabango yaliyotangulia yaliwaomba wakazi wapige kura ya ndiyo ili mji wao ubadilishwe jina, uitwe Nairobi. Si mzaha. Tayari walikuwa na shule yao wenyewe iliyobeba jina hilo, na kura ilikuwa ipigwe Novemba. (Ilipopigwa, jina lilishindwa.) Kwa hiyo kwa wiki kadhaa, kwenye kuta za mtaa mmoja wa California, Monk na Nairobi walitazamana na wapita njia bega kwa bega.

Tarehe 27 Oktoba watu wa East Palo Alto walifika shuleni, lakini wakabaki kwenye maegesho ya magari. Hawakumwamini mtoto. Walisubiri mpaka gari la kaka yake lilipoingia na Monk akashuka, ndipo wakanunua tiketi.

Katika kisa hiki yuko mtu ninayemfikiria kuliko hata kijana mwenyewe. Ni mtunza majengo wa shule, yule anayefagia na kufunga milango. Alimwendea Scher na ombi moja: nitaitia piano sauti, wewe niruhusu nirekodi. Wakakubaliana. Sijui kama mtu anaweza kupata mapatano ya haki zaidi ya hayo. Kwanza alikaza waya za piano moja baada ya nyingine hadi noti zikakaa mahali pake, kisha akategesha mashine yake akanasa kilichotoka humo. Monk alikuwa mtu wa kugonga noti mbili zilizobanana, zinazosuguana kama meno, halafu kuziacha zining'inie. Piano iliyolegea ingeuharibu mchezo huo. Msikilizaji asingejua kipi kimekusudiwa na kipi ni uchakavu. Tukimsikia Monk vizuri leo, ni kwa sababu fundi wa kwanza wa santuri iliyotokana na kanda hiyo alikuwa na funguo za madarasa mfukoni.

Kanda ikabaki kwa Scher. Kijana akakua, akawa mwandaaji wa matamasha, na kanda ikalala miongo mitano bila kutolewa. Septemba 2020 ndipo kampuni ya rekodi ya Impulse! ilipoitoa kama santuri, dakika 47, kwa jina la Palo Alto. Charlie Rouse yuko kwenye saksofoni, Larry Gales kwenye besi, Ben Riley kwenye ngoma.

Sasa nataka kukaa na mafundi, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kanda ya zamani haichezwi tu. Kichwa cha mashine inayosoma lazima kiinamie kanda kwa pembe ileile ya kichwa kilichorekodi. Tofauti ya unywele tu, na matoazi yanageuka kuwa mchanga uliolowa. Fundi hushika bisibisi ndogo, anazungusha kidogo, anasikiliza, anarudisha. Hatazami saa. Anachokitafuta ni ile sekunde matoazi yanapofunguka, kama mtu aliyekuwa akiongea amejifunika shuka ametoa kichwa nje.

Baada ya hapo linakuja jaribu kubwa la zama hizi. Kompyuta inaweza kufuta kila kitu: mnong'ono wa kanda, kikohozi, kiti kinacholia, mwangwi wa ukumbi. Bonyeza mara moja, umepata Monk aliye peke yake ndani ya sanduku. Lakini mnong'ono na mkia wa noti hukaa masafa yaleyale, na ukimfukuza mmoja mwenzake anatoka naye. Fundi mzuri wa kazi hii unamjua kwa alichokiacha. Katika Palo Alto ukumbi wa shule haujafukuzwa. Unasikia ukubwa wake, unasikia makofi ya watu ambao nusu saa nyuma walikuwa nje wakibisha.

Kisha kukata santuri. Hapa ningeomba msomaji avute kiti. Sahani ya alumini iliyopakwa laka nyeusi, laini kama kioo, inazunguka juu ya mashine. Sindano ya yakuti, iliyopashwa moto, inashuka taratibu na kuanza kuchimba mfereji. Kinachochimbwa kinatoka kama uzi mwembamba mweusi, na bomba dogo linaunyonya palepale, kwani ukijikunja chini ya sindano kazi nzima imekwisha. Besi huifanya sindano iyumbe kwa upana, hivyo Gales anapokanyaga noti nzito, mfereji unahitaji nafasi kutoka kwa jirani yake. Dakika 47 kwa pande mbili ni zaidi ya dakika 23 kila upande, na huo si upande wenye nafasi ya kuchezea. Ukiongeza sauti, mifereji inagongana. Ukiipunguza mno, mikwaruzo ya plastiki itakuja kumfunika mpiga piano. Tena kadiri sindano inavyokaribia katikati, mzunguko unafupika na sauti za juu zinabanwa, kwa hiyo fundi anajua tangu mwanzo kwamba wimbo wa mwisho ndio utakaoteseka. Na hakuna kusimama. Ukikosea dakika ya 20, sahani inatupwa, unaanza upya.

Hata sahani zenyewe si za kuchezea. Februari ya mwaka huohuo wa 2020 moto uliteketeza kiwanda cha Apollo Masters huko Banning, California. Viwanda vya kutengeneza sahani hizo za laka vilikuwa viwili tu duniani. Kikabaki kimoja, Japani.

Laka ikishakatwa hupuliziwa fedha, kisha huzamishwa kwenye maji yanayopitishwa umeme ili ijengewe nikeli, na nikeli hiyo ndiyo inayozaa mhuri wa kubonyezea santuri. Mhuri nao huchakaa. Hapo ndipo ninapoanza kuelewa toleo la nakala chache, jambo ambalo zamani nililiona kuwa ujanja wa wafanyabiashara. Kampuni ya Electric Recording ya London kwa kawaida hutoa santuri za kale nakala 300 tu, kwa mashine za valvu zilizofufuliwa, na majalada yanachapwa kwa herufi za risasi zinazouma karatasi hadi kidole kinahisi. Bei yake inanifunga mdomo. Namba ya nakala hainisisimui hata kidogo, ila kuubonyeza mhuri ukiwa bado mkali kisha ukauacha, hilo ni jambo la fundi.

Palo Alto haikutolewa kwa bei ya vito, na sifa yake kwangu ni ya namna nyingine. Ndani ya jalada wameweka nakala ya bango la kijana na nakala ya programu ya siku ile. Nyumbani kwetu santuri za taarab zilikaa kwenye mifuko ya kaki iliyogundishwa kwa uji wa ngano. Jalada lilikuwa kinga dhidi ya vumbi, basi. Sikujua kwamba karatasi inaweza kuwa sehemu ya muziki. Bango hili ni la mtoto wa shule aliyetaka watu waje, na waliolirudia hawakujaribu kumfundisha usanifu. Walilichapa lilivyo. Ukilikunjua mezani huku Rouse anaingia, unakumbuka lilikobandikwa, na jirani yake ukutani alikuwa nani.

Mwishoni Monk anarudi peke yake kwenye piano, anapiga kipande kifupi, watu wanasimama na kumtaka aendelee. Anawaeleza kwa adabu kwamba hana budi kuwahi, usiku ana kazi mjini. Mfereji umeyashika maneno hayo pia. Kisha makofi, kisha sindano inaingia kwenye duara la mwisho lisilo na kitu, inazunguka humo, tik, tik, mpaka uinuke uende kuiondoa.