Fundi Anayejua Kukataa

Kiamaiko, soko la mbuzi jijini Nairobi, huamka kabla ya jirani zake. Huruma bado imelala, Mathare North haijafungua vibanda vya chai, na tayari malori yaliyosafiri usiku kutoka Isiolo, Marsabit na Moyale yanashusha mbuzi. Kukipambazuka, vichinjio vimeshafanya kazi yake, na pikapu zinatoka kwa msururu kupeleka nyama Burma, Kariokor na kwenye bucha za mitaani. Bila pikapu, soko hili lingekwama kabla ya saa mbili asubuhi. Hapa kununua pikapu iliyokwisha tumika ni jambo la riziki, na hapa ndipo nilipouona ufundi ninaotaka kuusifu kabla haujatoweka.

Ufundi huu hauandikwi kwenye bango lolote. Mzee mmoja anayeujua ana gereji ndogo upande wa Kariobangi: ukuta wa mabati, shimo la kukagulia gari, benchi moja la mbao lililolowa oili. Hutengeneza magari kama mafundi wengine. Lakini wanaomjua humwendea kabla hawajawa na gari la kutengeneza. Huja na gari la mtu mwingine, linalouzwa, wakimwomba awaambie kama walinunue au waliache. Hulipwa kwa jibu lake. Likiwa ndiyo, hulipwa. Likiwa hapana, hulipwa kiasi kile kile.

Asubuhi moja alikuja mfanyabiashara wa mbuzi, mwenyeji wa Marsabit, pamoja na muuzaji aliyeendesha Hilux ya dizeli iliyong'arishwa ikang'ara. Mnunuzi alitaka gari la kubeba nyama siku za kawaida, na mara moja moja kuvuta trela dogo la nyasi kavu za kulisha mbuzi wanaosubiri kuuzwa. Mzee hakufungua chochote. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale.

"Injini hii imewashwa saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, mzee. Nimetoka nayo hapo karibu."

"Iache hapa hadi kesho. Nitaiangalia ikiwa imelala."

Muuzaji alilalamika kwamba ana wateja wengine. Mzee hakubishana naye. Alirudi kwenye benchi lake akaendelea kusafisha breki za gari jingine, na mwishowe, kwa kuwa mnunuzi hakusogea, funguo zikaachwa.

Dizeli iliyopashwa moto huficha mengi. Ikiwa baridi, inalazimika kusema ukweli, kwa sababu huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na silinda zilizochakaa hazibani vya kutosha. Kesho yake alfajiri mzee alisimama nyuma ya gari, si mbele, akamwambia kijana wake awashe. Alisikiliza starta inazungusha kwa muda gani kabla injini haijashika. Akautazama moshi. Mweupe unaokawia ni dizeli isiyochomeka. Wa samawati ni oili inayoliwa. Mweusi ni pampu au nozeli zinazomwaga kupita kiasi. Kisha akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akakinga kiganja juu ya tundu ili ahisi pumzi inayotoka. Pumzi hafifu ni ya kawaida. Inayosukuma mkono ni ya injini inayokaribia kufunguliwa yote.

Mfanyabiashara yule hakuhitaji kufafanuliwa. Sokoni kwake hakuna anayenunua mbuzi kwa kutazama manyoya. Mnunuzi humfungua mbuzi mdomo amsome umri kwenye meno, kisha humbonyeza mgongoni karibu na nyonga ajue kama ameshika nyama kweli au ni tumbo lililojazwa maji asubuhi ile. Walielewana upesi, mzee na mnunuzi wake. Wote wawili walikuwa watu wa kuamini vidole.

Ninachokipenda zaidi katika kazi hii hufanyika chini ya gari. Mzee hushuka shimoni akiwa na tochi na nyundo ndogo ya mpini uliofungwa kitambaa, akaigonga chesisi kuanzia mbele kwenda nyuma, pigo moja kila baada ya shibiri moja. Chuma kizima huitika kwa mlio mkavu. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, na kilichochomelewa kikapakwa rangi hutoa sauti ya tatu ambayo mimi bado siisikii, ingawa yeye husita papo hapo anapoifikia. Nimewahi kumwuliza kwa nini anagonga hata pale ambapo macho yanaona vizuri. Akanijibu kwamba rangi nyeusi mpya chini ya pikapu ni jambo la kutiliwa shaka kila mara, kwa maana hakuna anayeremba mahali pasipoonekana ila ana la kuficha.

Kiamaiko kwenyewe kumemfundisha. Mkojo wa mbuzi hula chuma. Pikapu iliyosafirisha mifugo kwa miaka huoza sakafu ya bodi kwanza, halafu unyevu ule hupenya kwenye viungio na kutua juu ya chesisi. Iliyobeba nyama huoshwa kila siku, na maji ya damu yana chumvi. Iliyoishi Mombasa imekula upepo wa bahari. Na tangu mafuriko ya Aprili na Mei 2024, Mto Mathare ulipofurika hadi ndani ya nyumba za watu, mzee huinua zulia la kabini kila mara na kupapasa chini yake akitafuta tope kavu.

Kwa anayetaka kuvuta trela, uchunguzi huhamia nyuma. Springi zilizolala bapa zinasema gari limebebeshwa kupita uwezo wake. Matundu ya bolti kwenye chesisi, hata kama ndoano imeshaondolewa, yanasema gari hili limeshavuta, na kazi ni kujua lilivuta nini. Ndoano inapaswa kufungwa kwa bolti kwenye chesisi zote mbili, kushoto na kulia. Ikiwa imechomelewa kwenye bampa pekee, ni ya mapambo. Kilachi hupimwa kwa kuvuta handibreki, kuweka gia ya nne na kuachia pedali polepole: injini izimike papo hapo. Ikiendelea kunguruma, kilachi kinateleza, na mlima wa kwanza wenye trela nyuma utakimaliza. Baada ya hapo ni rejeta, kwa sababu gari linalovuta hupata joto hata likienda taratibu, na injini ya Toyota 2L ikichemka mara moja huweza kupasua kichwa chake. Mzee humwuliza mnunuzi pia kuhusu trela lenyewe. Lina breki? Namba yake inayoanza na Z imesajiliwa? Mzigo utapangwa vipi? Kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela hailali juu ya ndoano, trela litayumba barabarani na kuipeleka pikapu litakako.

Ile Hilux haikupita. Nyundo ilisita nyuma ya kabini, mahali ambapo chesisi za pikapu nyingi huvunjika, na chini ya rangi kulikuwa na kiraka kirefu cha kuchomelea. "Usinunue," mzee akasema, bila kuinua sauti. Mnunuzi akalipa, akashukuru, akaenda zake kwa miguu. Nilisikia baadaye kwamba gari lile liliuzwa siku hiyo hiyo kwa mtu mwingine.

Ufundi huu haukuanza jana; waliokua Nairobi ya zamani watakumbuka kwamba pikapu ilikuwa shule ya mafundi wengi. Rais Jomo Kenyatta alipohalalisha matatu mwaka 1973, nyingi zilikuwa pikapu zilizojengewa bodi ya mbao na mabati, na Pijo, yaani Peugeot, ndiyo iliyotamba. Ilijijengea heshima kwenye Safari Rally, 404 ikishinda 1966, 1967 na 1968, kisha 504 mwaka 1975 na 1978. Kiwanda cha Ufaransa kilipoacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983, hapa kwetu bado ilikuwa inaunganishwa. Hata ilipokufa haikuzikwa, kwani ekseli zake zilichukuliwa na mafundi wa jua kali zikawa mikokoteni ya punda na trela ndogo, na baadhi bado zinazunguka Eastlands.

Baada yake zikatawala Hilux na Isuzu, hii ya pili ikiunganishwa Nairobi kwenye kiwanda cha General Motors kilichogeuka Isuzu East Africa mwaka 2017. Wengi hawajui kwamba Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani kuanzia 2004 hadi 2017. Kwa hiyo, tofauti na saluni zinazoshuka melini kila wiki, pikapu nyingi zilizotumika zinazouzwa hapa zimetumikia barabara zetu wenyewe, na kila moja ina historia inayoweza kuulizwa. Herufi za namba zake zinaanza kuieleza: KBA zilitoka 2007, KDA zikatoka 2020. Lakini herufi hazisemi pikapu ilifanya kazi gani. Mzee huogopa kuliko zote zile zilizobeba miraa kutoka Maua, zilizokimbizwa kila siku ili mzigo usinyauke. Gari la miaka michache la aina hiyo limezeeka kuliko la miaka 20 lililokuwa la mwalimu wa kijijini.

Ushauri wake, ukimbana, ni rahisi. Kwa mwenye fedha kidogo na trela dogo, tafuta dizeli ya zamani isiyo na turbo: Isuzu TFR ya lita 2.5, au Hilux yenye injini ya 3L au 5L. Hazina mbio, na anayevuta hahitaji mbio. Injini za kisasa zenye nozeli za kompyuta zina nguvu zaidi, ila zinadai dizeli safi, na sisi tumeishi miaka mingi na dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa, hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha mchezo huo. Nozeli zilizoharibiwa zamani hazikupona kwa sababu ya tozo.

Ufundi huu unakufa, na hauuliwi na kompyuta. Mashine ya kusoma hitilafu ni msaada, na kijana wa mzee anayo. Unauliwa na namna tunavyolipa. Siku hizi pikapu hununuliwa kwa picha za simu, zilizopigwa baada ya mvua ili rangi ing'ae. Mnunuzi hutuma amana kabla hajaligusa gari, kisha humleta fundi kama shahidi wa harusi iliyokwisha fungwa. Fundi mwenyewe ameahidiwa kamisheni na broka, na kamisheni hutoka gari likiuzwa tu. Jibu la hapana halina mlipaji. Kijana mwenye watoto atasema hapana mara ngapi, ikiwa kila akisema anarudi nyumbani mikono mitupu? Tumewafundisha mafundi kusema ndiyo, halafu tunawaita matapeli.

Nawaona vijana wenye masikio mazuri, wanaojua difu inayolia na giaboksi inayotapika gia ya pili, wakisimama kando ya barabara ya Outer Ring wakisifia magari wanayojua yameoza. Hawakuzaliwa waongo. Walimtazama aliyekataa akienda bila malipo, wakachagua.

Mzee hana mwanafunzi wa kazi hii. Kijana wake amejifunza breki na nyaya, na anasema wazi kwamba kukagua hakulipi kodi ya nyumba. Sina hoja ya kumpinga. Hoja iko mikononi mwetu tunaonunua, tunaoweza kutoa laki kadhaa kwa gari na kushindwa kutoa elfu chache kwa anayeweza kutuokoa nalo.

Basi wewe unayetafuta pikapu ya kubeba na kuvuta, muulizie fundi wa aina hii mtaani kwako kabla ya kumuulizia broka. Hakikisha hana fungu kwa muuzaji. Kubaliana naye malipo kabla hajaligusa gari, na akikuambia uliache, mlipe yote, papo hapo, kisha umpeleke kwenye gari linalofuata.