Waigizaji Wasioujua Mwisho wa Mchezo Wao

Mchezo wa historia una adui mmoja ambaye hapandi jukwaani, naye ni mwisho unaojulikana. Mtazamaji aketipo kumtazama Kaisari anajua ya kuwa visu vinakuja. Mwigizaji naye anajua, na ujuzi huo humwingia usoni hata asipotaka. Ndipo husimama kama sanamu ya ukumbusho, akasema kama mtu anayechongewa maneno yake katika jiwe. Watu wa zamani hawakuishi hivyo. Waliamka asubuhi wakatafuta maji ya kunawa, wala hawakuwa na habari ya kuwa wao ni historia. Ebrahim Hussein, alipotoa Kinjeketile mwaka 1969, alijikwamua kwa kutangaza ya kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya yule wa Ngarambe. Njia nyingine, ngumu na ya gharama, ilijaribiwa Marekani katika mchezo wa televisheni uitwao Deadwood, nayo haikuanzia katika maandishi bali katika hali waliyowekwa waigizaji.

Mchezo huo ulionyeshwa na HBO tangu Machi 2004 hata Agosti 2006, vipindi 36 kwa jumla. Mtungaji wake, David Milch, alikuwa amesoma na kufundisha Yale, akilelewa kifasihi na Robert Penn Warren, kabla ya kujipatia jina kwa michezo ya polisi. Wazo lake la kwanza lilikuwa mchezo juu ya askari wa usalama katika Roma ya Nero. Kampuni ilikuwa tayari inatengeneza mchezo wa Roma, basi akalihamisha swali lake: watu hufanyaje utaratibu mahali pasipo na sheria? Deadwood palifaa. Ilikuwa kambi ya wachimba dhahabu katika Black Hills, nchi ambayo mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliithibitisha kuwa ya Wasioux. Dhahabu ilipotangazwa mwaka 1874 wageni waliivamia, na kufikia mwaka 1876 mji ulikuwa umesimama bila haki ya kusimama.

Mji wa mchezo ulijengwa Melody Ranch, huko Newhall, California, mahali palipokuwa mali ya Gene Autry, mwimbaji na nyota wa sinema za kauboi, na ambapo moto wa mwaka 1962 uliteketeza majengo mengi ya kuigizia. Barabara yenye matope, baa, duka la vyuma, vibanda vya Wachina, vyote vilikuwa mahali pamoja, na watu wa pembeni wasio na maneno walirudi siku baada ya siku wakiwa na kazi zao zile zile. Mwigizaji aliyetoka mlangoni aliingia mtaani kweli, akawakuta watu aliowaacha jana.

Hata hivyo mji si jambo kuu. Jambo kuu ni namna maneno yalivyofika. Milch hakuandika kwa mkono wake. Alilala sakafuni katika chumba chenye waandishi wenzake, akayatamka mazungumzo kwa sauti, na mpiga chapa akayaandika huku yakionekana katika kioo cha kompyuta. Yakafutwa, yakageuzwa, yakasemwa upya. Aghalabu kurasa ziliwafikia waigizaji zikiwa zimechelewa mno, pengine siku ile ile ya kupigwa picha. Ian McShane, aliyekuwa Al Swearengen mwenye baa na danguro la Gem, hakuweza kujenga kitendo cha leo juu ya tukio la wiki tatu mbele, kwa sababu tukio hilo halijazaliwa. Timothy Olyphant, aliyekuwa Seth Bullock, hali kadhalika. Milch naye alikuja uwanjani akaeleza maana ya onyesho kwa hotuba ndefu, za dini na za falsafa, lakini mwisho hakuutoa, maana hakuwa nao.

Msomaji mwenye kupenda nidhamu atasema huu ni uvivu uliovikwa joho. Na asikize sentensi zenyewe kwanza. Kiingereza cha Deadwood kimepindwa: kitenzi kikuu hucheleweshwa, vishazi hupandiana, na mtu asemaye hushikilia pumzi mpaka maana ifike mwishoni. Katika Kiswahili mtenda, wakati na mtendwa huweza kukaa pamoja ndani ya neno moja, na msikilizaji akashika jambo mapema; hapa msikilizaji hunyimwa mpaka dakika ya mwisho. Mwigizaji aliyepokea sentensi ya namna hiyo asubuhi hana nafasi ya kuipamba. Kinga yake ni mwendo wake tu, kama mghani wa shairi ambaye akimeza mizani moja ubeti wote humwangukia. Ndiyo sababu ya ile hofu nyembamba iliyomo machoni mwa William Sanderson kila E. B. Farnum, mwenye hoteli, anapoanza kujipendekeza. Farnum hajui sentensi yake itamtoa wapi, na yamkini Sanderson naye alikuwa karibu na hali hiyo.

Juu ya matusi pamesemwa mengi, na mengi ya hayo hayana faida. Matusi makali ya mwaka 1876 yalikuwa ya kukufuru, na sikio la leo lingeyacheka. Milch akayabadili kwa matusi ya mwili yanayouma leo. Kazi hiyo ni ya mfasiri, naye anastahili kuhukumiwa kama mfasiri: je, jeraha limehamishwa? Limehamishwa, ila kwa wingi uliozidi haja.

Kutojua mwisho kulifungua mlango mwingine, yaani utungo uliweza kumfuata mwigizaji. Garret Dillahunt alicheza Jack McCall, muuaji wa Wild Bill Hickok. McCall alipoondoka katika hadithi, Milch hakutaka kumpoteza mtu wake, akamrudisha mwaka 2005 kama Francis Wolcott, mjumbe mtaratibu wa tajiri Hearst, mwenye maradhi ya kuua wanawake. Mtu mmoja, nyuso mbili, na ni wachache waliomtambua. Geri Jewell, aliyezaliwa na ulemavu wa ubongo unaoathiri mwendo na usemi, alipewa sehemu ya Jewel, mtumishi wa Gem. Utungo haukumficha mguu wake wala kuuombea huruma. Jewel anakwenda kwa tabibu akiwa na mchoro, anadai atengenezewe kifaa cha kushikilia mguu, na katika kipindi cha mwisho cha mwaka 2004 anacheza dansi na tabibu huyo, Brad Dourif. Hakuna usemi mzito uliowekwa hapo. Mwigizaji mwingine angelazimika kuigiza uzito wa mguu ule. Jewell aliigiza furaha tu, kazi ambayo ni ngumu zaidi.

McShane alipata jaribu la namna nyingine. Mwanzoni mwa msimu wa pili Swearengen anazuiwa na vijiwe, na mtu ambaye mji wote unaendeshwa kwa ulimi wake analala chini hawezi kutamka neno. Vipindi kadhaa ananguruma, anatokwa jasho, anatazama. Ni kazi bora kuliko hotuba zake zote zinazosifiwa, na inafaa kutazamwa na kila mwanafunzi anayedhani ya kuwa mchezo wa kuigiza ni mazungumzo.

Njia hii ina hasara zake, na hasara kubwa imo katika msimu wa tatu. Brian Cox aliletwa kuwa Jack Langrishe, mwenye kundi la waigizaji, mtu aliyekuwako kweli katika Deadwood ya kale. Waigizaji wakaigiza waigizaji, na hapo pangetazamiwa kilele cha mambo yote haya. Badala yake kundi linazunguka mjini likitafuta jengo, likiuguza mgonjwa wake, likisema maneno mazuri yasiyomgusa mtu. Uzi ulianzishwa kwa matumaini ya kufungwa baadaye. Baadaye haikuja: mwaka 2006 mchezo ulikatwa bila msimu wa nne, na Cox akabaki amesimama katika hadithi nusu. Mtungaji asiyejua mwisho humpa mwigizaji uhai, lakini humpa pia deni lisilo na mlipaji.

Na liko deni jingine, ambalo watetezi wa Deadwood hulipita haraka. Kuishi bila kujua mwisho ni neema aliyepewa yule tu aliyepewa maneno. Wenye nchi, Wasioux, wamo katika mchezo huu karibu kwa kichwa kimoja tu, kilichokatwa na kutiwa sandukuni, ambacho Swearengen hukieleza siri zake. Kisanaa hila hiyo imefaulu; kabla yake hotuba kama hiyo ilisemwa mbele ya Dolly, msichana wa danguro ambaye karibu hakupewa la kujibu, na sanduku angalau linakiri kuwa ni sanduku. Lakini ni hila inayomfaa msemaji peke yake. Keone Young, mzaliwa wa Hawaii, mzungumzaji wa Kiingereza tangu utoto, alipewa sehemu ya Wu mwenye Kiingereza cha tusi moja na jina la Swearengen lililovunjika. Katika kipindi kimoja cha mwaka 2004 inambidi achore picha katika karatasi ili aeleze kuwa afyuni yake imeibwa na mchukuzi wake ameuawa. Young aliufanya umaskini huo wa maneno kuwa ghadhabu ya mtu mwenye akili aliyezingirwa na viziwi. Ushindi huo ni wake. Utungo ulimpa kalamu ya risasi tu.

Mwaka 2019 walirudishwa karibu wote, Melody Ranch ile ile, kwa filamu moja iliyoongozwa na Daniel Minahan na kuwekwa mwaka 1889, South Dakota ikiingia katika muungano kama jimbo. Powers Boothe, aliyekuwa Cy Tolliver, alikuwa amekufa mwaka 2017. Milch alikuwa ameshikwa na maradhi ya Alzheimer, jambo lililotangazwa mwaka ule ule. Safari hii kila mwigizaji alijua ya kuwa anaaga, na ujuzi huo umo katika kila uso. Wanatazamana kwa upole usiokuwako zamani, wanasimama kidogo zaidi mlangoni. Vipande vya picha za zamani vimepachikwa kati, navyo vinaonyesha tofauti kwa ukatili: wale vijana wa mwaka 2004 wana haraka. Filamu ni nzuri na inaliza, lakini sehemu kubwa yake ni ya kumbukumbu, na sanamu zile zilizokwepwa miaka mitatu zimeanza kujitokeza.

Ila mwishoni kabisa Swearengen yumo kitandani, anakufa kwa ini, na Trixie, yaani Paula Malcomson, anaanza kumsomea sala ya Bwana. Anafika pale panapotajwa Baba aliye mbinguni. McShane, bila kuinua kichwa, anamkatiza kwa maneno machache: na abaki huko huko.